Bandari, Mlango au Poti? Uhakiki wa Waraka Mmoja wa Kiufundi

Utangulizi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma Kiswahili pamoja na somo la kompyuta, alikuja ofisini akiwa na waraka wa kurasa sita mkononi na swali moja mdomoni: "Mwalimu, hii bandari namba 8333 iko wapi? Ruta yangu ina bandari nne tu." Alikuwa ameigeuza ruta ya nyumbani kwao, akahesabu matundu ya nyuma yanayochomekwa nyaya, akaona yameandikwa 1, 2, 3 na 4. Ya 8333 hakuiona.

Wenzangu wawili waliokuwapo walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikauomba ule waraka. Baada ya kuusoma mara mbili nilitambua kwamba swali la kijana yule lilikuwa na mantiki kamili. Alikuwa amesoma Kiswahili kilichoandikwa mbele yake, akakifuata kama kilivyo. Aliyepotea alikuwa mwandishi, na msomaji akamfuata.

Makala hii inakusudia kuuhakiki waraka huo kama tunavyohakiki tamthilia au riwaya: tuangalie istilahi zake, sarufi yake, yale unayoyasema na yale unayoyanyamazia. Waraka hauna jina la mwandishi wala la mchapishaji, nao hupita mkono kwa mkono mabwenini. Huenda msomaji akauliza, ya nini kuuhakiki? Jibu ni kwamba vijana wetu leo husoma maandishi ya aina hii kwa wingi, na riwaya mbovu ikimchosha msomaji huifunika tu, bali mwongozo mbovu humpotezea muda, humwondolea imani na wakati mwingine humfungulia mwizi.

Waraka unahusu nini

Waraka unafundisha jinsi ya kuendesha nodi ya Bitcoin nyumbani. Kwa wasomaji ambao si watu wa kompyuta, Bitcoin ni sarafu ya kidijitali ambayo mtandao wake ulianza Januari 2009. Haina benki inayotunza hesabu. Daftari la hesabu zote, ambalo sasa linazidi gigabaiti 600, hutunzwa na kompyuta nyingi duniani, kila moja ikikagua kazi ya nyingine. Kompyuta ya namna hiyo ndiyo nodi. Mwanafunzi wetu hakuwa akitafuta utajiri. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi daftari lisilo na karani mkuu linavyofanya kazi, na alikuwa amesubiri wiki tatu daftari hilo lishuke kwenye diski yake. Hatuandiki hapa kuisifu wala kuilaani sarafu hiyo, tunahakiki lugha.

Ugumu ulianza pale waraka ulipomtaka aiwezeshe nodi yake kupokea wageni kutoka nje. Ili tuelewane, nitumie mfano tunaoujua sote. Hapa Uganda barua haziletwi nyumba kwa nyumba. Chuo kizima kina S.L.P. moja, na ndani ya chuo kuna karani wa masjala. Barua inayotoka, karani huiandika daftarini. Jibu likirudi anajua la nani. Lakini barua ya mgeni ambaye hakuna mtu chuoni aliyemwandikia kwanza, tena haitaji idara, karani hajui ampe nani. Huiweka kando.

Ruta ya nyumbani ndiye karani huyo. Nyumba nzima ina anwani moja kwa nje, na ndani kuna kompyuta, simu na runinga, kila kimoja na anwani yake ya ndani. Namba kama 8333 ni sawa na namba ya mlango wa ofisi inayoandikwa juu ya bahasha. Ziko namba hadi 65535, na nodi za Bitcoin kwa desturi husikiliza kwenye 8333. Anachotakiwa kufanya mwenye nodi ni kumwachia karani maagizo: kila kinachokuja kwa 8333 kipelekwe kwenye kompyuta fulani. Ni hilo tu. Kazi ya waraka ilikuwa kulieleza hilo kwa Kiswahili, na kumsaidia msomaji pale litakapokataa kufanya kazi.

Istilahi: bandari, mlango na poti

Waraka unaiita namba hiyo "bandari", na kitendo chenyewe "kupeleka bandari mbele". Chanzo cha kosa ni rahisi kukiona. Neno la Kiingereza "port" lina maana zaidi ya moja. Lipo la meli, lenye asili ya Kilatini portus, na lipo la lango, lenye asili ya porta. Isitoshe, mafundi huliita hivyo hivyo tundu la kuchomekea waya. Yaelekea mtafsiri alifungua kamusi, akakuta bandari, akaridhika. Msomaji aliyekwisha kusikia kwamba ruta ina "port" nne nyuma yake akaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Vivyo hivyo "kupeleka mbele": mbele wapi? Barua inayoelekezwa kwa mwenyewe haiendi mbele wala nyuma.

Mtaalamu wa Uganda K. B. Kiingi, anayejulikana kwa kazi zake za istilahi za sayansi za Kiluganda, alipendekeza vigezo ambavyo walimu wa istilahi za Kiswahili huvitaja kwa kifupisho cha PEGITOSCA. Miongoni mwavyo ni usahihi, iktisadi, ukimataifa, uangavu na ukubalifu. Hebu tuyapime maneno matatu kwa vigezo hivyo.

"Bandari" ni neno angavu mno, lakini uangavu wake unamulika Mombasa na Dar es Salaam. Linaanguka kwenye usahihi. Neno linaloeleweka upesi kwa maana isiyo yake ni hatari kuliko neno geni, kwa sababu msomaji hajui kwamba hajaelewa.

"Mlango" linaeleza vizuri. Kwa wanafunzi wetu lina faida ya ziada, kwani Muganda ana omulyango, na Mnyarwanda na Mrundi wana umuryango. Hata anayeanza kujifunza Kiswahili huliona ndugu. Kasoro yake ni kwamba linatumika kwa mambo mengi, na msomaji akifika kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao kwa kawaida uko kwa Kiingereza, hataliona.

"Poti" halina uangavu wowote kwa mara ya kwanza. Lakini lina ukimataifa, ni fupi, linafuata matamshi yetu, na linamwongoza msomaji moja kwa moja hadi kwenye neno atakalolikuta kwenye skrini. Maoni yangu ni kwamba "poti" liwe jina na "mlango" uwe maelezo: mara ya kwanza tuandike kwamba poti ni namba ya mlango ambamo programu hupokea wageni, baada ya hapo tuandike poti peke yake. Tundu la waya liitwe tundu. Na kitendo kiitwe kuelekeza poti, kwa maana ile ile tunayoitumia ofisini tunapoelekeza barua.

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni "ukuta wa moto". Kwa Kiingereza neno hilo lilitokana na ukuta unaozuia moto usipite. Lakini kihusishi -a katika Kiswahili hubeba maana nyingi, na "ukuta wa moto" husomeka kama "ukuta wa matofali": ukuta uliojengwa kwa moto. Hilo lingekuwa jambo dogo kama waraka usingeendelea kusema "zima ukuta wa moto". Msomaji wa Kiswahili akisikia zima na moto pamoja huona kazi njema, kazi ya kikosi cha uokoaji. Hakuna kengele inayolia kichwani mwake. Kumbe anaambiwa amwondoe mlinzi wa kompyuta yake. Neno "ngome" lingetutendea haki zaidi, kwa kuwa mtu akiambiwa aondoe ngome lazima aulize, kisha adui akija?

Watu waliotutangulia walilijua jambo hili. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulitumia muda mwingi kwenye orodha ya istilahi kabla na wakati wa kutafsiri programu. Walielewa kwamba neno likishaingia kwenye skrini za watu ni vigumu kulitoa.

Sarufi ya amri

Fauka ya istilahi, sarufi ya waraka ina tatizo kubwa zaidi. Nilihesabu vitenzi vya ukurasa wa tatu. Karibu vyote viko katika hali ya amri: fungua, bofya, andika, hifadhi, washa upya. Sikukuta "ikiwa" hata moja, wala "endapo", wala -ki- ya masharti.

Kwa mpishi anayeandika jinsi ya kupika matoke, amri zinatosha, maana jiko liko mbele ya macho na chakula kikiungua kinanukia. Mtandao haunuki. Msomaji anapobofya "hifadhi" hana njia ya kujua kama amefaulu, isipokuwa maandishi yamwambie atazame nini. Maelekezo ya kutafuta kosa, kwa asili yake, ni lugha ya masharti: ukiona hivi, basi vile, usipoona, rudi hapa. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika eneo hili, -ki-, -sipo-, -po-, -nge-, na ni huzuni kuona kurasa sita ambazo hazikuutumia.

Mwishoni waraka unasema tu kwamba ikishindikana, msomaji arudie kuanzia mwanzo. Mwanafunzi wetu alirudia mara tisa, kwa Jumamosi na Jumapili za wiki mbili. Aliponisimulia hakuulaumu waraka. Alisema, "Mwalimu, labda mimi kichwa changu hakiko kwenye mambo haya." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Jumbe mbili zilizofanywa moja

Walimu wa tafsiri watanisamehe nikikaa kidogo kwenye jambo hili, maana linatuhusu sana. Mtu anapojaribu kubisha hodi kwenye poti kutoka nje na asifanikiwe, kompyuta humjibu kwa namna mbili tofauti. Ya kwanza husema kwamba muunganisho umekataliwa. Ya pili husema kwamba muda umekwisha. Waraka umezitafsiri zote mbili kwa neno moja: "imeshindikana".

Hebu tuzifikirie kwa Kiswahili cha kawaida. Ukibisha hodi ukajibiwa "hatukufungulii" au "hayupo", umepata habari kubwa: nyumba ipo, umefika, na kuna aliyesikia. Kwa kawaida maana yake ni kwamba hodi imefika kwenye mashine fulani, lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Pengine nodi haijawashwa. Lakini ukibisha hodi hata ukachoka bila kusikia sauti, hali ni nyingine. Huenda ngome inaitupa hodi yako kimya kimya, au haifiki kabisa kwa kuwa anayepaswa kuielekeza yuko mahali pengine.

Habari hizo mbili zinampeleka mtu pande mbili tofauti. Kukataliwa humrudisha kwenye kompyuta yake. Ukimya humpeleka kwenye ruta na zaidi ya ruta. Mtafsiri aliyeziunganisha alifuta ushahidi pekee uliokuwapo. Kwenye riwaya tungesema amepoteza ladha. Hapa amepoteza dira.

Sentensi iliyokosekana

Nilikwenda na mwanafunzi yule hadi nyumbani kwao Jumamosi moja. Sikwenda kama fundi, maana mimi si fundi. Nilikwenda kama msomaji wa pili wa matini. Tulifungua ukurasa wa ruta, tukatafuta anwani ya upande wa nje. Ilianza na 100, ikifuatiwa na 80. Rafiki yake wa idara ya kompyuta, aliyekuwa amekuja nasi, alitazama mara moja akasema, "Basi. Hata ungeelekeza poti mwaka mzima isingefunguka."

Sababu yake ni hii. Anwani za kizazi cha zamani cha intaneti, yaani IPv4, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ghala kuu liliwagawia wasimamizi wa kanda akiba ya mwisho mwezi Februari 2011, na AFRINIC, anayesimamia Afrika, aliingia katika awamu ya pili ya mgao wa kubana mwezi Januari 2020. Kwa hiyo kampuni nyingi, hasa zinazouza intaneti ya mitandao ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 fungu la kuanzia 100.64 hadi 100.127 lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo.

Turudi kwenye mfano wetu wa posta. Wako watu wasio na sanduku, wanaoazima S.L.P. ya shule ya jirani. Unaweza kumpa karani wa nyumbani kwako maagizo mazuri kuliko yote, lakini barua haifiki kwake. Inaishia kwa karani wa shule, ambaye hakujui, na ofisi yake huna ufunguo wake. Ruta ya mwanafunzi wetu ilikuwa na maagizo sahihi tangu siku ya kwanza. Kwenye kurasa sita ilikosekana sentensi moja tu, ya kumwambia aitazame anwani ya nje kabla ya kuanza. Sentensi hiyo ingemwokolea wikiendi mbili.

Kuna kosa la pili la maana linaloendana na hilo. Waraka unadai kwamba nodi isiyofunguliwa poti "haifanyi kazi". Si kweli. Programu ya Bitcoin Core ambayo waraka unaifundisha hutoka yenyewe kwenda kwa wenzake, kwa kawaida miunganisho 10, na kwa njia hiyo hupokea na kukagua daftari lote. Kufungua poti huongeza wageni wanaoingia, na hivyo huwasaidia wengine wanaotafuta pa kujiunga. Ni ukarimu, na ukarimu ni jambo jema, ila mtu aliyeshindwa kuwapokea wageni asiambiwe kwamba hana nyumba. Mwanafunzi wetu alikuwa na nodi nzima inayofanya kazi kwa siku nyingi bila yeye kujua.

Ushauri wa hatari

Ukurasa wa tano unastahili lawama kali. Unamwambia msomaji kwamba bandari ikikataa, aiweke kompyuta yake kwenye "eneo huru" la ruta, na aelekeze 8332 pia "kwa uhakika zaidi".

Kuiweka kompyuta kwenye eneo hilo ni kumwambia karani alete kila bahasha isiyo na mwenyewe, poti zote, kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ukiunganisha na amri ya ukurasa wa tatu ya kuzima ukuta wa moto, umebaki na nyumba isiyo na lango wala mlinzi. Tena 8332 si mlango wa wageni. Ni dirisha ambalo mwenye nodi huitolea amri, zikiwamo amri za pochi ya fedha kama pochi iko humo. Kwa mipangilio ya mwanzo programu hukubali amri hizo kutoka kwenye kompyuta yenyewe tu. Lakini msomaji aliyekwisha kulegeza mipangilio kwa kubahatisha, kama wafanyavyo watu waliokata tamaa, akaielekeza pia, anaiweka dirishani funguo ya sanduku lake.

Hapa ndipo lugha ya amri isiyo na sababu inapoonyesha ubaya wake wote. Kama mwandishi angelazimika kuandika "kwa sababu" baada ya kila amri, asingeweza kuimaliza sentensi ya 8332. Angekwama, na kukwama kwake kungemlinda msomaji.

Sifa za waraka

Uhakiki wa haki hauishii kwenye lawama. Waraka huu una mema yake. Sentensi zake ni fupi, na namba zimeandikwa kwa tarakimu kubwa zinazosomeka hata kwenye nakala iliyofifia. Umesisitiza kwamba itifaki ichaguliwe TCP wala si UDP, jambo ambalo ni sahihi na ambalo wengi hulikosea. Aidha, mwandishi amekumbuka umeme wetu: anaeleza kwamba baada ya umeme kukatika na kurudi, ruta huweza kuipa kompyuta anwani mpya ya ndani, na maagizo ya jana yakawa yanaelekeza kwenye chumba kitupu. Kwa hiyo anashauri anwani ya ndani ifungwe isibadilike. Hapo, na hapo tu, ametoa sababu pamoja na amri, na hiyo ndiyo aya pekee ambayo mwanafunzi wetu aliweza kuieleza kwa maneno yake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, mwandishi alithubutu. Wengi wetu tunaofundisha istilahi darasani hatujaandika hata ukurasa mmoja ambao mtu angeutumia kurekebisha kitu nyumbani kwake.

Ungeandikwaje?

Si vyema kubomoa bila kujenga. Nimeandika upya sehemu ya kutafuta kosa, nikisaidiwa na vijana wale wawili. Wasomaji wanakaribishwa kuihakiki nayo.

"Anza na anwani. Fungua ukurasa wa ruta uitazame anwani ya nje. Ikiwa inaanza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31, au 100.64 hadi 100.127, basi juu ya ruta yako kuna ruta nyingine, na kuelekeza poti kwenye ruta yako peke yake hakutatosha. Ikiwa ruta ya juu ni kifaa kingine cha humo nyumbani, elekeza poti kwenye vyote viwili, au kifanye kimoja kipitishe tu. Ikiwa ni ya kampuni, usiendelee kuhangaika na ruta. Omba anwani ya umma, au pitia Tor, ambayo haihitaji kuelekeza poti kwa sababu nodi yako ndiyo inayotoka kwenda kukutana na wageni.

"Ikiwa anwani ya nje ni ya umma, rudi kwenye kompyuta. Hakikisha nodi imewashwa na inasikiliza kwenye poti 8333. Usipoiona ikisikiliza, kosa liko hapo, usiguse ruta.

"Ikiwa inasikiliza, tazama ngome ya kompyuta. Usiiondoe. Iruhusu programu hii moja tu.

"Kisha linganisha anwani ya ndani ya kompyuta na ile iliyoandikwa kwenye maagizo ya ruta. Zikitofautiana, rekebisha, kisha ifunge isibadilike.

"Mwisho, jaribu kutoka nje ya nyumba. Tumia simu yenye intaneti yake yenyewe, isiyo kwenye mtandao wa nyumbani, kwa kuwa ruta nyingine haziwezi kujibu hodi inayotoka ndani kwenda kwenye anwani yao ya nje, na ungedhani poti imefungwa ilhali iko wazi. Ukijibiwa kwamba umekataliwa, rudi kwenye kompyuta. Ukikuta ukimya, rudi kwenye ngome na ruta. Poti ikiwa wazi, usishangae wageni wakichelewa: lazima kwanza nodi nyingine zipate habari za anwani yako."

Msomaji ataona kwamba matini hii ina "ikiwa" nyingi. Ataona pia kwamba kila hatua inaishia mahali ambapo mtu anajua kosa liko upande gani. Kama kosa ni la kampuni, anaambiwa ni la kampuni.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi na kifundishwe shuleni. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lugha rasmi hupimwa pia Jumamosi jioni, nyumbani, mtu anapokaa peke yake mbele ya kifaa kilichogoma akiwa na karatasi ya Kiswahili mkononi. Karatasi ikimsaidia, ataisoma nyingine. Ikimwacha, atakwenda kwenye Kiingereza na hatarudi, tena atakwenda akiamini kwamba mjinga alikuwa yeye.

Mwanafunzi wetu aliiuliza kampuni yake, akaambiwa anwani ya umma hutolewa kwa wateja wa biashara kwa malipo ya ziada. Akachagua njia ya Tor. Siku ya tatu aliniletea ujumbe wa simu wenye maneno matatu: "Mwalimu, wageni wameingia."

Napendekeza darasa la tafsiri la mwaka wa tatu lipewe zoezi hili muhula ujao: kila kikundi kichukue mwongozo mmoja wa kiufundi wa Kiswahili unaozunguka mabwenini, kimkabidhi mtu asiyeujua, kikae kando bila kumsaidia, na kiandike mahali anapokwama. Kisha kiuandike upya. Atakayeleta uliofanya kazi, nitaomba wahariri wauchapishe katika jarida hili.